Sheha wa Kifuani na Sauti ya Twiga

Paukwa!

— Pakawa!

Shingo?

— Ndefu!

Sauti?

— Haipo!

Ilikwenda wapi?

— Wewe ndiye mwenye kujua, tuambie!

Haya, sogeeni, moto unatutosha sote. Mwinyihaji, wewe unayefanya kazi ofisini, kaa hapa mbele nikuone.

Hapo zamani, zamani za kale, Twiga alikuwa na shingo fupi kama ya mbuzi na mdomo usiofungwa. Alisema asubuhi, akasema mchana, akasema na jioni. Alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Kiangazi, kwa sababu alizaliwa mwezi ambao majani yalikuwa yamekauka. Kazi ya sauti ya Twiga, ukiondoa umbea, ilikuwa moja: kumwambia Kiangazi akimbie hatari inapokuja.

Mwili wa Twiga ulikuwa nchi, na nchi ilikuwa na mkubwa wake. Juu kichwani alikaa Mwinyi Ubongo. Alikaa gizani. Hajawahi kuona jua, hajawahi kushika jani, hajawahi kukanyaga mwiba. Na yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho kuhusu jua, jani na mwiba.

Wajumbe wake waliitwa akina Neva. Msiwafikirie kama watu wenye miguu. Kila Neva ana nyumba moja. Juu ya nyumba yamechomoza matawi, mengi na membamba. Hayo ni ya kusikilizia. Chini ya nyumba umetoka mkia, mmoja na mrefu. Huo ni wa kusemea. Neva hasemi kwa matawi, wala hasikii kwa mkia. Wako watu hapa motoni ambao mpangilio huo ungewasaidia.

Tena Neva hasemi ovyo. Fununu moja ikigusa tawi, ananyamaza. Ikija ya pili, ananyamaza. Zikitimia za kutosha, anapiga ukelele. Na ukelele wake ni mzima. Hana nusu, hana kunong'ona. Jambo likiwa kubwa zaidi, haongezi sauti, anarudia mara nyingi zaidi.

Neno linasafirije? Nje ya mkia kuna chumvi nyingi, ndani kuna kidogo. Ukutani mwa mkia kuna milango, nayo imefungwa. Ukelele ukipigwa, mlango wa kwanza unafunguka, chumvi inaingia mbio, cheche ya umeme inawaka. Cheche inafungua mlango wa pili. Wa pili unafungua wa tatu. Nyuma yake milango inajifunga, neno lisije likarudi lilikotoka. Mkia wenye kazi ya haraka huvishwa mafuta, kipande baada ya kipande, na milango hukaa kwenye mapengo katikati ya vipande. Hapo cheche haitambai. Inaruka pengo hadi pengo. Mwisho wa safari mkia haumgusi jirani. Kuna ufa. Ukingoni mwa ufa kuna vifuko vya dawa. Cheche ikifika, vifuko vinapasuka, dawa inavuka, jirani anaionja na kuamka.

Mmeelewa?

— Tumeelewa!

Waongo. Tuendelee.

Neva wa Sauti alikuwa na nyumba yake kisogoni. Koo lilikuwa hapo mbele yake, kama jiko lilivyo mbele ya ukumbi. Lakini mkia wake haukwenda kooni. Ulishuka hadi kifuani, ukapita chini ya Mshipa Mkuu unaotoka kwenye moyo, ukazunguka, kisha ukapanda tena hadi kooni. Pale kwenye Mshipa Mkuu alikaa Sheha wa Kifuani, mkubwa wa mtaa ule. Ilikuwa imeamuliwa, haijulikani na nani, kwamba hakuna neno litakalofika kooni bila kumpa Sheha shikamoo na kugongwa muhuri.

Siku moja Fisi akaja. Jicho likaona, Mwinyi Ubongo akaamuru: “Piga kelele!” Neva wa Sauti akatuma neno, nalo likashuka likiimba:

Mlango funguka, chumvi ingia!
Mafuta naruka, mbele natua!

“Shikamoo Sheha.”

“Marahaba. Wa wapi?”

“Wa kichwani, naenda kooni.”

“Pita.” Muhuri, paa!

Koo likafunguka: “Kiangazi, kimbia! Fisi!” Kiangazi akakimbia. Fisi akala vumbi.

Mwinyi Ubongo akasema, “Mmeona? Utaratibu unafanya kazi.”

Basi ukaja ukame. Nyasi zikaisha. Majani yaliyobaki yalikuwa juu ya migunga. Twiga akavuta shingo, ikavutika dhiraa moja. Shingo ikirefuka, kichwa kinapanda na kifua kinabaki. Mkia wa Neva wa Sauti ukarefuka kwenda, ukarefuka na kurudi.

Neva akapeleka ombi. “Mwinyi, koo liko hapa, naliona. Niruhusu nipite moja kwa moja.”

Mwinyi akauliza, “Njia hii nani aliianzisha?”

“Sijui, Mwinyi.”

“Hata mimi sijui. Basi lazima alikuwa na sababu nzito.”

Ombi likafungwa.

Siku nyingine akaja Chui. Jicho likaona, Mwinyi akaamuru, neno likashuka:

Mlango funguka, chumvi ingia!
Mafuta naruka, mbele natua!
Mlango funguka, chumvi ingia!

“Shikamoo Sheha.”

“Marahaba. Huko juu hamjambo?”

“Hatujambo.”

“Na shingo? Nasikia imerefuka.”

“Imerefuka, Sheha. Ndiyo maana nina haraka.”

“Haraka ya nini, nawe umeshafika?” Muhuri, paa!

Koo likafunguka: “Kiangazi, kimbia! Chui!” Kiangazi alikuwa anakimbia tayari, na Chui alikuwa na sikio lake moja mdomoni.

Mwinyi Ubongo hakufurahi. Akaunda kamati. Jicho mwenyekiti, Sikio katibu, Pua mjumbe. Kamati ilikaa siku tatu. Ikaona kwamba Chui ni mnyama mwenye mbio. Ikaona kwamba mtoto alibaki na sikio la pili, ambalo liko katika hali ya kuridhisha. Ikapendekeza Neva wa Sauti aongezwe mafuta.

Acha kucheka, Bi Mize. Kamati hiyo ilikuwa na akili kuliko nyingi. Mafuta yakiwa manene, cheche inakwenda kasi kweli. Neva akaongezwa mafuta, na mbio zake zikaongezeka.

Ila ukame nao ukaongezeka. Twiga akavuta shingo mara ya pili, ikavutika. Akavuta mara ya tatu, ikavutika mpaka ilipo leo. Kutoka kisogoni hadi kooni bado ilikuwa shubiri chache. Kwa njia ya Sheha ilikuwa kushuka shingo nzima na kupanda shingo nzima.

Neva akapeleka ombi tena. “Mwinyi, mtoto ana sikio moja.”

“Ndiyo maana tumekuongeza mafuta.”

“Mafuta yanasaidia mwendo, Mwinyi. Hayafupishi njia.”

“Wewe,” Mwinyi akasema, “una tatizo na Sheha?”

Sheha alipopata habari alituma salamu: “Mwambieni huyo kijana, akipita moja kwa moja, mimi nitaamkiwa na nani?”

Swali lilionekana zito. Ombi likafungwa.

Nisikilizeni sasa, Simba anakuja.

Alikuja mchana, jua la utosi, upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isimtangulie. Kiangazi alikuwa hatua tatu kutoka kwa mama yake, amegeuza mgongo, anang'oa kijani alichokiona kati ya mawe. Upande wa Simba ulikuwa ule usio na sikio. Mtoto hakusikia kitu. Kati ya mtoto na meno palibaki jambo moja: sauti ya mama yake.

Jicho likaona. Mwinyi Ubongo akaamuru, “Piga kelele! Piga! Piga!”

Neva wa Sauti hakukawia hata kidogo. Neno likashuka:

Mlango funguka, chumvi ingia!
Mafuta naruka, mbele natua!
Mlango funguka, chumvi ingia!
Mafuta naruka, mbele natua!
Mlango funguka, chumvi ingia!

Simba hatua tisa. Neno likafika kifuani likihema.

“Sheha, Simba!”

“Hujaniamkia.”

“Sheha, Simba yuko nyuma ya mtoto!”

“Simba hana ruhusa ya kukufanya ukose adabu.”

Simba hatua sita.

“Shikamoo Sheha.”

“Marahaba. Sasa tunaongea kama watu. Wa wapi?”

“Wa kichwani, naenda kooni, kama jana, kama juzi!”

“Jana ni jana. Muhuri nimeuweka wapi?”

Simba hatua nne. Sasa, ili amfikie mtoto bila kuonekana, Simba alipita chini ya tumbo la mama. Alidhani mwenye kichwa kilicho mbali vile, miguu yake haina habari. Akapita nyuma ya mguu, na ukucha wake ukakwaruza ngozi juu ya kwato.

Pale kwenye ngozi kulikuwa na Neva mwingine, wa Mguu. Hakuwa na cheo. Akapiga ukelele, cheche ikapanda mguu, pengo hadi pengo, ikafika kwenye uti wa mgongo. Hapo aliishi Bi Uti, mama wa makamo, mtu wa kazi zake.

“Bi Uti, kuna kucha huku chini!”

“Piga teke.”

“Nimpe kwanza taarifa Mwinyi?”

“Mwinyi atapata habari na wengine. Piga!”

Neno likashuka kwenye msuli. Mguu ukaruka. Kwato likamkuta Simba kwenye taya, na taya likabadilika umbo. Simba akatoka chini ya tumbo, akapita migunga, akapita mto, hakugeuka. Mpaka hapo kichwani walikuwa bado wanauliza kelele imefika wapi.

Vumbi likatulia. Kiangazi akageuka, majani mdomoni. Wanyama waliokuwa karibu wakasogea. Ndipo kule kifuani muhuri ulipoonekana, paa! Neno likapanda shingo nzima, vifuko vikapasuka, dawa ikavuka ufa, na koo likafunguka kwa nguvu zote:

“KIANGAZI, KIMBIA! SIMBAAA!”

Kiangazi akatazama kushoto, akatazama kulia. “Mama, Simba yupi?”

Punda milia alicheka akakaa chini. Tumbili alianguka kutoka mtini. Fisi, ambaye hana mtu wa kumfundisha haya, akasema, “Bi Twiga, na mwaka jana kulikuwa na Chui. Usitusahau, tutangazie na hiyo.”

Twiga alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, shingo ile isingetosha.

Mwinyi Ubongo akaitisha uchunguzi. Mnafikiri nani aliitwa wa kwanza? Mguu.

“Nani alikupa ruhusa ya kupiga teke?”

“Bi Uti, Mwinyi.”

“Na Bi Uti alipewa ruhusa na nani?”

Bi Uti akajibu mwenyewe, “Na kucha, Mwinyi.”

Mguu ukapewa onyo. Bi Uti akapewa onyo kali. Sheha wa Kifuani akapongezwa kwa kubaki mtulivu wakati wa dharura. Neva wa Sauti akaambiwa safari ijayo aanze mapema, kabla hatari haijaonekana. Kuhusu njia, uchunguzi ulijiridhisha kwamba imefanya kazi: neno lilitoka, neno lilifika. Likabaki suala la aibu. Mwinyi akalitatua kwa amri moja: kwa kuwa sauti ya Twiga inaleta kicheko, isitumike tena hadharani.

Basi tangu siku hiyo Twiga amenyamaza. Anaona mbali kuliko wanyama wote, na hasemi. Mkia wa Neva wa Sauti bado unashuka, unazunguka, unapanda. Sheha bado anaamkiwa.

Na Kiangazi? Kiangazi hakusubiri matokeo ya uchunguzi. Kuanzia siku ile aliacha kula peke yake mbele ya macho ya mama yake, akahamia nyuma, ubavuni mwa ule mguu. Shangazi zake wakamuuliza, “Mwanetu, mbona hukai upande wa kichwa cha mama yako, ukalindwa na mkubwa?”

Kiangazi akatafuna, akameza, akajibu:

“Kichwani kuna mkutano.”

Fundisho ni hili. Aliye karibu na kucha apewe neno la mwisho, na anayetaka kuamkiwa angoje mtoto awe salama kwanza. Mwinyihaji, mbona umeinama? Sijakutaja. Kama kiatu kimekutosha, tembea nacho.

Mkikutana na daktari wa wanyama, atawaambia mkia ule upo kweli, unashuka hadi kifuani na kurudi kama nilivyosema. Halafu atawaambia kwamba unachelewesha kidogo mno, na kwamba Twiga ana sauti, huguna chini kwa chini wenzake wakiwa wamelala, na ukimya wake hautokani na Sheha yeyote. Mwacheni. Yeye hakuwepo.

Ngano yangu imekata mguu hapa. Iliyowafurahisha ilikuwa yenu, iliyowachoma pia ilikuwa yenu. Mimi naondoka na kinywa changu tu.