Mwenye Baridi Anyooshe Mkono

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mwanangu Wende alikuwa bado ananyonya, tulikaa jikoni kwa bibi siku ya kuanua matanga ya babu. Waliokuwepo ni hawa: bibi yangu Edina, mjane, mjomba Eliudi, mtoto wake wa kwanza, aliyetoka Dar es Salaam, mjomba Aidani, aliyelelewa humo ndani, mama yangu Ezelina, wa mwisho kuzaliwa, Mzee Lutengano, mtani wa babu, na mimi, na Wende mgongoni. Wageni wengine walikuwa wameshakula na kuaga.

Babu aliitwa Obadia Chaula, lakini kijijini kwetu, huku juu Makete, kila mtu alimwita Koplo. Alipigana vita vya Kagera. Alirudi na sikio moja lisilosikia na koti la jeshi, zito, la kijani, lenye ukosi mpana. Vita hakuvisimulia. Watoto wakimuuliza alisema, "Kulikuwa na matope," basi.

Ila gwaride hakuliacha. Kila asubuhi kabla ya shule aliwapanga watoto wake mlangoni. Aliwakagua masikio. Aliwakagua kucha. Aliwatia viazi vya moto mifukoni, kulia na kushoto, mikono isigande njiani, na wakati wa mapumziko wavile. Kisha anavua koti lake, analiinua juu, anasema kwa sauti ya kambini:

"Mwenye baridi anyooshe mkono!"

Aliyenyoosha ndiye aliyevaa koti hadi shuleni, linaburuza chini. Babu anamsindikiza na shati tupu. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba majani yanaamka meupe kwa sakitu. Babu anatembea na shati tupu, anapiga mluzi.

Siku alipokuwa anatuaga hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe. Bibi akamuuliza, "Baba Eliudi, na koti je?"

Akasema, "Si mnajua? Mwenye baridi anyooshe mkono."

Kuhusu koti hakusema jingine.

Kwa hiyo siku ile ya kuanua matanga bibi alilitoa koti msumarini. Kabla hajafungua mdomo, Mzee Lutengano akanyoosha mikono yote miwili.

"Mimi! Nina baridi kwenye magoti, nina baridi kwenye meno, nina baridi mpaka kwenye jina!"

"Meno gani uliyonayo wewe?" bibi akamjibu.

Tukacheka. Ni kazi ya mtani kuchekesha msibani, na yeye aliifanya kwa upendo. Tangu siku ya mazishi alikuwa anakwenda kwake kubadilisha shati tu, kisha anarudi kutupasulia kuni.

Bibi akaliinua koti. Akajaribu kuitoa ile sauti ya kambini, ikatoka ndogo.

"Mwenye baridi anyooshe mkono."

Mama yangu akanyoosha. Mjomba Eliudi akanyoosha. Mjomba Aidani hakunyoosha.

"We Eliudi!" Mzee Lutengano akadakia. "Huko Dar watu wanalala na feni. Koti utalivalia wapi, ndani ya friji?"

Mjomba Eliudi hakucheka. Akasema, "Mwache Ezelina aanze."

Mama akasema, "Sina maneno mengi. Shamba la viazi mnaliona. Ni mimi ninayeamka nalo. Sakitu ikianguka, inanikuta humo. Sweta hili limechakaa, ungeweza kuchujia chai. Baba alipougua nilimwogesha, nikamgeuza, nikaenda shambani, nikarudi, nikamgeuza tena. Hicho kiraka cha kiwiko nimekishona mimi. Nina baridi, hii hii ya kutetemeka. Baba alisema mwenye baridi. Ni mimi."

Nani angembishia?

Mjomba Eliudi akasema, "Baba alikwenda vitani nikiwa nanyonya. Aliporudi nilikuwa natembea na kusema. Nikaona mtu nisiyemjua mlangoni, amevaa koti, na ndani ya koti kuna mtoto mwingine. Nikakimbia. Nikajificha nyuma ya mama, nikasema huyu si baba yangu. Mama, ni uongo?"

"Ni kweli," bibi akasema. "Alisimama pale mlangoni. Hakukulazimisha."

"Hakunilazimisha. Na mimi sikujua namna ya kurudi kwake. Kisha ikaja shule, likaja gwaride. Kila asubuhi anasema mwenye baridi anyooshe mkono, na kila asubuhi nina baridi. Lakini nikinyoosha mimi mkubwa, nani atakosa? Aidani. Ezelina. Sikunyoosha hata mara moja. Sijawahi kulivaa koti la baba yangu. Sawa, naishi kwenye joto. Lakini mkono huu mnaouona, leo ndiyo mara ya kwanza."

Mama alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Hakushusha mkono. Ila nilimwona akikisogeza kigoda chake ili mjomba akae karibu na moto.

Bibi akageuka. "Aidani, na wewe?"

"Mimi hapana, mama."

"Basi nitakusemea. Koti hili halikuwa la Obadia."

Mzee Lutengano akakohoa. Utani ulimwishia hapo.

"Ni la Fidelisi, baba mzazi wa Aidani," bibi akasema, akitutazama mimi na mama kwa sababu sisi hatukujua. "Huko vitani Obadia alishikwa na homa. Zamu ya lindo ilikuwa yake. Fidelisi akavua koti, akamfunika, akaenda lindo badala yake, na shati tupu. Hakurudi. Obadia alipopata nafuu, yuko ndani ya koti la mwenzake. Vita vilipoisha akalipeleka Tabora kwa mke wa Fidelisi. Akakuta naye amefariki, mtoto analishwa na majirani. Ndipo akaja na Aidani hapa, amemfunga ndani ya koti hilo hilo. Siku Aidani anaoa, Obadia akampa koti. Akakataa."

"Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua Baba," mjomba Aidani akasema taratibu. "Ningelichukuaje?"

"Leo kifua hakimsumbui. Lichukue. Huna kitu kingine cha Fidelisi, hata picha huna."

Mjomba Aidani akatikisa kichwa. "Mama, amri ya Baba ni mwenye baridi. Unataka nidanganye siku ya kuanua matanga yake? Mwaka wangu wa kwanza wa shule Baba hakunisubiri ninyooshe mkono. Alinivalisha kila siku, akanifunga vifungo yeye mwenyewe. Eliudi, unakumbuka?"

"Nakumbuka," mjomba Eliudi akasema. "Vizuri sana."

"Basi. Katika nyumba hii mimi sijawahi kusikia baridi. Nitanyooshaje mkono?"

Alisema hivyo. Lakini mkono wake, ule ambao hakuunyoosha, ulikuwa umeshika ukosi wa koti, na hakuuachia.

Wende akalia kidogo mgongoni, nikambembeleza.

"Koplo angejua la kufanya," bibi akasema.

"Koplo?" Mzee Lutengano akajibu, macho yamelowa. "Si ndiye aliyetuletea matata yote haya!"

Bibi akalirudisha koti msumarini, akasema atafikiri. Asubuhi akawapanga watoto wake mlangoni, watu wazima wenye mvi, akawatia viazi vya moto mifukoni. Mjomba Eliudi na mjomba Aidani wakapanda basi moja. Mama akaenda shambani na sweta lake.

Koti lipo msumarini mpaka leo. Wende sasa anatembea, na kila akipita chini yake ananyoosha mkono alishike.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, bibi bado anafikiri na mimi sina wa kumuuliza ila ninyi. Mama ana baridi na alisema. Mjomba Eliudi alikuwa na baridi miaka yote na hakusema. Mjomba Aidani koti ni la baba yake, ila kwetu alifunikwa vizuri mno hata baridi haijui. Je, nani alistahili?