Picha ya Pasipoti ya Mwezi

Mwezi mpevu hauna milima. Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu Yoeli jana, aliposema hamleti mchumba wake nyumbani mpaka nyumba yake iishe kupakwa rangi. Nyie mkacheka, mkaulizana kama milima ya mwezi huwa inahama. Haihami. Kaeni bibi yenu niwaambie msemo huu ulikotoka, na mikono isisimame, mahindi hayajipukuchui yenyewe. Haukutoka mbali. Ulizaliwa hapa hapa Singida, na mama aliyeuzaa nilimfahamu.

Palikuwa na mpiga picha mmoja, Pantaleo Ntandu, mwenye studio ya chumba kimoja karibu na stendi. Kazi yake kubwa ilikuwa picha za pasipoti, na kwa hizo alikuwa fundi hasa. Kwa ubishi pia hakuwa na mfano. Ukishakaa kwenye kigoda chake, mbele ya kile kitambaa cha buluu, alikuwashia taa mbili, moja kushoto na moja kulia, akaanza kukuamrisha: "Inua kidevu. Masikio yote mawili niyaone. Uso mzima! Kivuli sikitaki." Akiona kivuli chini ya pua tu, anarudia picha. Miaka ishirini alipigana na vivuli, na aliamini kabisa kwamba picha yenye kivuli ni picha mbovu.

Aliishi na mama yake, Mama Skolastika, mgonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia lilibakiza nuru kidogo katikati, hata kitu akitaka kukiona ilibidi akisogeze mpaka kikaribie kugusa pua. Daktari hakuwaficha: dawa zinachelewesha tu, nuru hiyo nayo itakwenda, na ikienda hairudi.

Yule mama hakulia. Alitaka kitu kimoja. Tangu utotoni yeye na dada yake, marehemu Agripina, walibishania madoa ya mwezini. Agripina alisema ni sungura. Skolastika alisema ni mwanamke aliyejitwika kuni.

"Agripina amekufa anabisha," alimwambia mwanawe. "Nisimfuate bila jibu. Nionyeshe mwezi vizuri, baba, kabla sijafunga duka."

Bahati nzuri, padre mmoja mzee aliyekuwa akirejea kwao alimwachia Pantaleo darubini yake, ile ya kusimama kwa miguu mitatu. Lakini mama hakuweza kuchungulia kwenye kile kitundu. Jicho lilimtoka machozi, na mwezi wenyewe haukungoja. Kabla hajaupata ulishaponyoka. Pantaleo akasema, haidhuru, nitaupiga picha, niisafishe kubwa, mama aishike mkononi aisogeze jichoni.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Akangoja mwezi mpevu. Mtu wa pasipoti angepigaje nusu uso? Ulipofika, alifunga simu yake kwenye darubini kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akabonyeza, akapata ukungu mtupu, kwa sababu kidole chake kiliitikisa darubini. Akajifunza kuiacha simu ihesabu yenyewe sekunde kumi, yeye amesimama kando, mikono nyuma kama mwanafunzi mstarini. Safari hii alipata duara jeupe, kama chapati mbichi. Akapunguza mwanga kwenye simu. Chapati ikapata madoa, lakini ikabaki chapati.

"Nimekosea mimi," alisema. "Tungoje mpevu mwingine, mama."

Mpevu wa pili ulifunikwa na mawingu. Wakangoja tena. Ilipobaki wiki moja kufika wa tatu, asubuhi moja Mama Skolastika alisogeza kikombe cha chai mpaka puani, akakirudisha mezani taratibu.

"Panta," alisema, "leo kikombe sikioni. Naona mpini tu."

Pantaleo alikwenda studio. Siku nzima alipiga watu picha bila kumwambia hata mmoja ainue kidevu.

Jioni ile, kabla hata taa za barabarani hazijawaka, mama yake alikuwa ameketi uani. Akauliza, "Mwezi upo?"

"Upo, mama, ila ni nusu."

"Upige."

"Nusu haifai. Upande mmoja ni kiza kitupu, kama mtu aliyekaa kiupande. Nipe siku saba tu nikupigie uso mzima."

"We Panta! Nimekuomba mwezi au nimekuomba pasipoti? Kwani unasafiri kwenda wapi hata utake masikio yake yote mawili? Hizo siku saba unazo wewe. Mimi nina leo."

Pantaleo akaitoa darubini huku akinung'unika. Akafunga mipira, akaelekeza, akasogea kando, simu ikahesabu. Kisha akainama kuitazama picha, na manung'uniko yakakatika hapo hapo.

Pale kiza kilipokutana na nuru, pale pale alipoita pabovu, mwezi ulikuwa umeinuka. Palikuwa na mashimo yenye kingo zilizosimama. Palikuwa na milima, kila mmoja na kivuli chake kirefu nyuma yake. Na ndani ya kile kiza kulikuwa na vilele vilivyowaka peke yao, kwa kuwa jua lilikuwa limevifikia vyenyewe kabla ya mabonde. Kitu hiki kilikuwa juu ya paa lake miaka yote, naye hakujua! "Yesu na Maria," alisema, akachomoa simu, akakimbia studio bila kufunga mlango wa nyumba.

Alirudi na picha kubwa kama sinia. Mama akaishika chini ya taa, akaisogeza puani. Alianzia upande mweupe, akapita bila kusimama. Alipofika ukingoni mwa kiza akasimama, na akakaa hapo muda mrefu sana, akiisogeza kidogo kidogo.

"Umemwona yule mwanamke wa kuni?" Pantaleo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna mwanamke. Hakuna sungura. Agripina, tumekosa wote wawili!" Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye anacheka. "Ni nchi, baba. Kumbe ni nchi! Ina mawe kama ya kwetu."

Kisha akasema, "Mimi nimechunga mbuzi. Saa sita, jua likiwa utosini, mawe ya bondeni yote yanalala, ungedhani ni uwanja. Jua likiinama jioni, kila jiwe linasimama na kivuli chake. Wewe ulikuwa unaupiga mwezi saa sita yake."

Siku ya tano jicho lilizima. Mpevu ulipofika mbingu zilikuwa safi, na Pantaleo akaupiga, maana ubishi haufi kwa siku moja. Akaenda kukaa karibu na kitanda cha mama yake.

"Mama, nimeupata mzima. Safi kabisa."

Picha ile ya nusu ilikuwa mapajani mwa mama. Aliipapasa kwa kidole, polepole, pale pale ukingoni mwa kiza, bila kukosea. "Milima ipo?" aliuliza.

Pantaleo alitazama simu yake. Alitazama tena. "Haipo, mama."

"Nilijua," alisema Mama Skolastika. "Mwezi mpevu hauna milima."

Pantaleo akalisimulia neno hilo kwa kila aliyekaa kwenye kigoda chake, na huko ndiko mji mzima ulikolipatia.

Na wewe Yoeli, usijifanye unapukuchua, najua unanisikia. Rangi utapaka hata mwakani, kuta hazina miguu. Lakini mimi bibi yako siku hizi, nikisogeza kikombe, naona mpini. Mlete huyo binti Jumapili hii nimwone uso, na nyumba yenu iwe nusu hivyo hivyo. Mwezi mpevu hauna milima.