Aliyekimbia na Moshi

Ninyi mnaoimba Jumapili kwamba mtamfuata Yesu popote, mkiogopa Jumatatu huwa mnakimbilia wapi? Msijibu kwa sauti ya kwaya. Sikilizeni kwanza.

Mrina asali mmoja, jina lake Mihayo, alikuwa na mshika moshi aitwaye Nyamizi, mama mtu mzima, mwenye mikono imara na mdomo usiolala. Mihayo alipanda mtini na kuufungua mzinga. Nyamizi alipanda nyuma yake, akakaa tawi lilelile, ameshika kienge, fungu la nyasi linalofuka bila kuwaka, akiwapulizia nyuki moshi. Sharti lilikuwa moja: akae karibu naye. Ndani ya moshi nyuki hupoa; wanayemfuata ni yule anayekimbia. Misimu mitatu Nyamizi alikaa karibu, na misimu mitatu hakuumwa kiasi cha kusimulia.

Msimu wa nne ikafika zamu ya mzinga wa bondeni. Kisimani wanawake hawakuwa na habari nyingine.

"Nyuki wa bondeni wameua punda, mwenzangu," jirani yake Kabula alimwambia. "Punda mzima! Wewe una ngozi gani ya kumzidi punda?"

Wakacheka. Nyamizi naye akacheka, maana aliona aibu kutocheka. Lakini punda yule alimfuata hadi nyumbani, akamkalia kifuani mpaka asubuhi.

Kesho yake alasiri wakapanda. Mihayo alipoondoa kifuniko, nyuki walimiminika kama maji yaliyovunja kingo. Nyamizi hakukimbia mara moja. Hakuna anayekimbia mara moja. Alishuka tawi moja, akajiambia kwamba hapo anaona vizuri zaidi. Akashuka la pili, akajiambia kwamba moshi hupanda wenyewe, hauhitaji kusindikizwa. Akafika chini, akasimama shinani, na kwa maelezo yake mwenyewe bado alikuwa pamoja na Mihayo. Kisha nyuki mmoja akamgusa sikio. Mmoja tu. Nyamizi akatimua mbio, kienge mkononi.

Hapo ndipo alipoumwa. Shingoni, mgongoni, kwenye kope. Nyuki waliompita misimu mitatu bila kumjali walimwandama vichakani kama mwizi. Akaanguka, akajikunja, akafunika uso kwa viganja. Ndipo alipoelewa kwamba kule juu, katikati ya kundi lote, alikuwa salama kuliko hapa alipokuwa peke yake. Akaelewa na jambo la pili, lililouma kuliko la kwanza: Mihayo alikuwa juu ya mti, na hakuwa na moshi.

Akasikia hatua. Hazikuwa za mtu anayekimbia. Mihayo alikuja akitembea, akavua koti lake, akamfunika nalo kichwa hadi kiuno. Akakiokota kienge, akakipuliza mpaka moshi ukawazunguka wote wawili. Mikono yake sasa ilikuwa wazi, na nyuki hawakuionea huruma. Alimshika mkono, wakaondoka polepole, na njia aliyoshika haikuwa ya kwenda nyumbani. Ilikuwa ya kurudi mtini. Wakapanda. Nyamizi alikaa tawi moja naye, bega kwa bega, akipuliza moshi, na hakuna nyuki aliyemgusa tena.

Jioni waliingia kijijini na ndoo mbili zimejaa. Vigelegele vilipasua anga. Mzinga wa bondeni umerinwa! Watu walichovya vidole ndooni wakavilamba, wakalamba na vya jirani. Kisha Kabula akamtazama Mihayo usoni: jicho moja limefumba, midomo imeumuka kama andazi.

"Bwana Mihayo, mbona hivi? Moshi ulikuwa wapi?"

Nyamizi akawahi. "Nyasi zilikuwa mbichi. Halafu ule upepo nao..."

"Upepo gani, mwenzangu? Leo hata jani halikutikisika."

Mihayo angeweza kusema ukweli; badala yake alichukua kisu. Katika kijiji kile sega la kwanza hupewa mshika moshi mbele ya watu wote, ndiyo heshima ya aliyebaki karibu. Akalikata, likiwa bado linachuruzika, akamnyooshea Nyamizi kwa mkono uleule uliovimba.

"La mshika moshi," alisema. "Kesho tunapanda tena."

Nyamizi akalipokea. Asali ikamtiririka hadi kwenye kiwiko, na hakuonja. Uongo mwingine alikuwa nao tayari, tena ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Akautazama mkono wa Mihayo, vidole vinene visivyokunjika, na uongo ule ukamkauka mdomoni. Akasimama wima. Aliposema, alisema kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa nyuma kabisa, machozi yakimtoka na uso ukimng'aa.

"Nilikimbia! Nilikimbia na moshi wake, nikamwacha juu peke yake. Miiba yote mnayoiona kwake ilikuwa yangu, naye akanifuata, akanirudisha. Kesho napanda naye, Kabula, na nitakaa tawi lake."