Nguzo Fupi za Atdao

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye usingizi akalale, hadithi hii haibembelezi mtu.

Hapo zamani za kale, katika kisiwa cha Wachamoru, nyumba zilijengwa juu ya nguzo za mawe, na juu ya kila nguzo jiwe la mviringo kama bakuli. Mama wa nyumba akifa, alizikwa chini, katikati ya nguzo, awalinde wanawe. Nyumba isiyo na kaburi la mama haikulalwa na mtu.

Basi Atdao akamwambia mama yake, Bi Pulan, aliyekuwa akiugua kibandani kwa binti yake Isa, "Nakujengea, mama. Utalala kwangu."

Akachonga mawe mpaka nguzo zikamfika kifuani. Kaa wa nazi, mkaaji wa minazi ya pale, akapita, akasema, "Zinatosha, mwite mama yako." Atdao akatazama za jirani. Zimezidi zake! Akavunja zote.

Mama akamwita, "Mwanangu, nimechoka."

"Subiri, mama, nguzo bado fupi."

Zikawa kimo cha mtu. Kaa akasema, "Zinatosha." Atdao akazivunja.

Mama akamwita, "Mwanangu, naumwa."

"Subiri, mama, nguzo bado fupi."

Mara ya tatu mama hakuwa na sauti. Akamtuma Isa.

"Mwambie asubiri, nguzo bado fupi."

Isa akarudi, akamkuta mama ameshakata roho. Akamzika chini ya kibanda chake, wala hakumwita mtu.

Nguzo zilipozidi za jirani, Atdao akaja mbio, akaketi sakafuni akitweta. "Mama yuko wapi? Nyumba tayari."

"Umemkalia," Isa akasema. "Yuko chini yako."

Atdao akalia. "Nipe mifupa yake, dada. Nipe fuvu. Nipe hata kidole."

"Mama hakuomba mawe. Aliomba uje. Kwangu hatoki."

Mke wa Atdao akakataa kulala kwenye nyumba ile isiyo na kaburi, watoto wakakataa, na kaa naye akahama. Paa likaoza. Atdao akazeeka peke yake kivulini mwa mawe yale. Alipokufa, Isa hakukubali azikwe kibandani karibu na mama. Akazikwa katikati ya nguzo zake ndefu, peke yake.

Wengine husema Isa alikuwa na roho ngumu. Mimi ningefanya vilevile.

Hadithi yangu inakomea hapo.