Kibali cha Nguruwe wa Sekela

Sheria ya mji ilikataza kufuga nguruwe bila kibali, na Bwana Afya Mligo, aliyetoa vibali, alikuwa amemnyima Sekela mwaka mzima. Jumapili moja akaja bila sare wala barua kumchukua nguruwe wake. Mtaa mzima ulijua nguruwe wa namna hiyo huishia kwenye kikaango chake.

“Kwani mwenye kosa ni nani hasa?” Sekela aliuliza.

“Anayekutwa naye.”

“Haya baba, nishikie kamba nikamletee maji ya safari.”

Akarudi na mwenyekiti wa mtaa na mgambo wawili. “Mwenyekiti, umemkuta nani na nguruwe?”

Mligo aliitazama kamba mkononi mwake. “Huyu ana kibali,” alisema.

“Tukione,” mwenyekiti alisema.

Mligo akatoa kalamu na karatasi, akaandika kibali juu ya mgongo wa nguruwe.

“Sekela ina K moja,” mwenye nguruwe alimkumbusha.