Abiria Aliyeshushwa Kabla ya Kona

Wapendwa, kabla sijafungua kinywa, nyoosheni mikono muape: haya yanabaki humu humu kanisani. Yasifike bombani, yasifike saluni. Na wewe mwenye simu, izime. Mimi mwenyewe niliapishwa hivyo hivyo, nikaapa vizuri tu. Haya, sogeeni.

Kulikuwa na dereva mmoja wa bodaboda. Barabara aliijua, ila tamaa ilimshinda. Kosa lake lilikuwa moja: mishikaki. Abiria wawili nyuma, yeye mbele, na kofia ngumu ya abiria ni moja tu. Trafiki alimwandikia faini mpaka akachoka. Mara ya mwisho akamwambia, "Sasa sikuandikii tena. Nikikukuta na mishikaki, pikipiki inabaki kituoni na leseni naondoka nayo." Na pikipiki ile ndiyo iliyokuwa sufuria ya nyumbani kwake, watoto wanne wanaitazama.

Dereva akarudi kijiweni, akaapa mbele ya wenzake kwamba mishikaki basi. Wakampa na cheo, msimamizi wa usalama. Basi akawa yeye ndiye wa kuwakaripia wengine! Mnawajua watu wa namna hiyo? Msiangaliane.

Siku ya gulio akampakia dada mmoja. Hawajaenda mbali, bibi mmoja mnene akapunga mkono, kabeba kapu lenye jogoo. Dereva akatazama mbele, akatazama nyuma. Akasema moyoni, leo tu.

"Panda, bibi. Dada, jibane kidogo."

"Nijibane wapi tena, kaka? Si nimeshakalia taa!"

Wakaenda. Karibu na kona ya daraja, dereva mwenzake akawajia kutoka mbele, akagonga kofia yake mara mbili kwa kiganja. Hiyo ndiyo ishara yao: trafiki yupo. Akafunga breki.

"Bibi yangu, shuka. Pita kwa miguu kama vile hunijui. Nakungoja kijiweni, ng'ambo ya kona. Kapu niachie."

"Mjukuu wangu, kwani nimeiba?"

"Hujaiba, bibi. Ila hunijui. Umesikia?"

"Nimesikia. Sikujui."

Akapita mbele ya trafiki na dada mmoja, kofia kichwani, mwendo wa harusi. Trafiki akatabasamu. "Leo umetulia."

"Mishikaki nilishaokoka nayo, afande!"

Akafika kijiweni, akasimama, akangoja. Bibi haonekani. Akangoja. Jasho likamtoka mgongoni. Ameanguka? Amegongwa? Amesema? Alitamani kuondoka, lakini angemwachia nani kapu la watu?

"Huyo jogoo wa nani?" wenzake wakamuuliza.

"Wangu."

"Kaka, mimi nachelewa," dada akanung'unika.

"Ngoja kidogo, dada. Kidogo tu."

Kumbe bibi miguu ilimgomea. Alikaa juu ya jiwe kuvuta pumzi, trafiki akamwona, akamhurumia. "Bibi, unakwenda wapi?" "Hapo tu ng'ambo ya kona, baba, nangojewa." Trafiki akampandisha kwenye gari la polisi, kiti cha mbele, akamleta mwenyewe mpaka kijiweni.

Dereva alipoliona lile gari, akainama kufuta taa.

"Nani anamngoja bibi huyu?" trafiki akauliza. Bibi anatazama juu, anaangalia mawingu. "Wewe msimamizi wa usalama, unamjua?"

"Simjui, afande."

"Hukumpakia?"

"Sijampakia."

"Hata kumwona?"

"Nakuapia, afande, simjui kabisa!"

Bibi akaitikia kwa kichwa, roho yake nyeupe. "Ni kweli, baba. Na mimi simjui. Ndivyo alivyoniambia kule kabla ya kona, nisimjue."

Na jogoo, pale juu ya tangi la pikipiki, akawika.

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Trafiki hakucheka. Alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo.

Mnacheka? Hebu nyamazeni kidogo. Sisi je? Sisi nani tunamshusha kabla ya kona? Chuki tunaishusha getini, umbea tunaushusha getini, tunapita mbele ya mchungaji tumenyooka kama sindano, na ng'ambo ya ibada tunapakia tena. Tunamkwepa nani? Kofia ngumu haikutengenezwa kwa ajili ya macho ya afande, jamani, imetengenezwa kwa ajili ya kichwa. Shimo la barabarani halisubiri trafiki afike ndipo limwangushe mtu. Na Mungu naye hakai darajani tu na kitabu cha faini. Yuko na yule aliyeachwa ajikokote kwa miguu, na ndiye anayemleta mpaka mlangoni kwako.

Tena msidhani nasema ya mbali. Leo asubuhi nilikuwa dirishani naota jua. Nimeona pikipiki ikisimama kule kwenye mashine ya kusaga, imepakia kina mama wawili, mmoja akashushwa amalizie kwa miguu, mwenzake akaletwa hadi hapa nje na kofia kichwani, mtakatifu mtupu.

Mwenyekiti wetu wa kina mama, mbona unakunjua khanga miguuni? Umechelewa, mama. Kofia ya watu imebingirika kutoka chini ya benchi lako, ipo hapa katikati, kila mtu anaiona. Na dereva wake yuko mlangoni, anaiulizia.