Ukuta wa Bi Mwanahawa

Bi Mwanahawa alipomaliza eda aliamua kuuza nyumba ya marehemu mumewe, Mungu amrehemu, ili akajenge karibu na binti yake. Jirani yake tajiri, Bwana Shekue, alikuja kuitazama na mashahidi wawili kutoka msikitini.

"Ukuta huu umeoza, shangazi," alisema akiupiga teke. "Ujenge upya, au nikupe nusu ya bei."

"Umeoza kweli, mwanangu?"

"Hata mbuzi hawezi kuuegemea!"

"Alhamdulillahi, umenifungua macho. Basi nitaukarabati kwanza."

Shekue alicheka moyoni, maana alijua mjane hana fedha za matofali. Asubuhi alisikia nyundo. Alitoka mbio na shuka ya kulalia, akamkuta fundi juu ya ngazi.

"Shangazi, mwambie ashuke! Boriti za ghorofa yangu zimelala juu ya ukuta huo!"

"Lakini umeoza, baba. Leo nabomoa tu. Kujenga, Mungu akinijalia, hata mwakani."

"Ni imara! Wallahi, ni imara kuliko kuta zangu zote!"

Bi Mwanahawa aliwageukia wale mashahidi wawili, aliokuwa amewaalika uji barazani.

"Mmemsikia?"

"Tumemsikia."

Shekue alilipa bei yote, fundi akiwa bado juu ya ngazi.